Injini Inalia, Gari Halina Haraka

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, tena kwa pembeni: kwamba mpwa wangu alisafiri akaniachia kigari chake cha lita moja, silinda tatu, giaboksi ya CVT (otomatiki ya puli na mkanda), nikakaa nacho wiki tatu. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala nzima niliyowahi kuandika kuhusu breki. Basi safari hii breki zipumzike. Tuzungumze vigari vya bei ya chini ambavyo giaboksi zake hazifanani na zile tulizojifunzia.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina kigari kama hicho cha mpwa wako. Kwenye tambarare hakina neno, hata injini siisikii. Tatizo ni mlima. Nikikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda mpaka 4,500 na kuganda hapohapo, injini inalia kama imekabwa koo, na gari linachanganya polepole utadhani limefungwa kamba nyuma. Mume wangu anasema giaboksi inateleza. Fundi amekubaliana naye bila hata kuliendesha, na anataka tubadilishe giaboksi nzima. Nifanyeje? (Mama wa Gari Jeupe)

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujatoa hata senti, mwambie fundi aketi kiti cha mbele mpande naye mlima huo. Mtu asiyeliendesha gari hawezi kujua kinachoteleza.

Sasa nikuambie yaliyonipata mimi. Siku ya kwanza na kigari cha mpwa wangu nilifika mlimani nikafanya hayohayo unayofanya. Nikakanyaga, injini ikapanda, nikasubiri ibadilishe gia. Ikaendelea kulia. Nikasubiri tena. Mkono wa kushoto ulishaanza kuitafuta liva ya gia bila kuniuliza. Miaka 19 nimekaa kiti cha pembeni nikiwaambia wanafunzi: sikiliza injini, ikilia panda gia, ikikoroma shuka gia. Pale mlimani sikio langu likawa linanipa taarifa za uongo, kwa sababu kilio kile hakikuwa kinaomba chochote. Injini ilikuwa kazini.

Giaboksi ya kawaida ina meno, na kila gia ina jozi yake. CVT ina puli mbili na mkanda mmoja. Kila puli ni koni mbili zilizoelekezeana ncha, na mkanda unapita katikati yake. Koni zikisogeleana, mkanda hauna pa kukaa, unapanda kuelekea ukingoni, na puli inakuwa kama imenenepa. Zikiachana, mkanda unazama na puli inakonda. Puli moja ikinenepa nyingine inakonda, kidogokidogo, bila ngazi yoyote katikati. Ndiyo maana husikii gia zikipanda: hakuna za kupanda.

Ukikanyaga sana, kompyuta inaipeleka injini kwenye mizunguko ambako nguvu yake inapatikana, inaiacha hukohuko, kisha inashughulika na puli tu. Injini ya lita moja nguvu yake haiko chini, iko juu. Kwa hiyo 4,500 mlimani ukiwa na abiria ni jambo la kawaida kabisa. Mwaka 1993 timu ya Williams ilijaribu giaboksi ya namna hii kwenye gari la Formula 1, David Coulthard akiwa kwenye usukani, na injini ikawa inashika mlio mmoja wakati gari likizidi kuchanganya. Haikuwahi kushindana, kanuni zikaipiga marufuku mapema. Naliamini sana sikio langu, lakini sitabishana na wahandisi wa mbio.

Utajuaje kama kweli inateleza? Tafuta barabara tambarare, shika kilomita 60 kwa saa, mguu utulie. Kwenye kigari cha mpwa wangu mshale ulikaa karibu na 1,500 na haukutikisika. Wa kwako ukiwa unapanda na kushuka wenyewe huku mguu umetulia, hapo kuna neno. Kisha panda mlima, na injini ikiwa inalia, legeza mguu kidogo sana. Mizunguko ikishuka kwa utulivu na gari likaendelea kuvuta, giaboksi inakutii. Dalili za ugonjwa ni nyingine: mshale unaruka ghafla na gari halivuti hata chembe, gari linatetemeka linapoondoka, unasikia mlio wa chuma kusagana unaopanda na kushuka na spidi, au taa ya dashibodi inawaka na gari linagoma kwenda kasi. Ukiona mojawapo, fundi asikilizwe. Usipoiona, aliyekosea ni fundi.

Tuje kwenye namna ya kukiendesha, maana hapa ndipo nilipotumia wiki ya kwanza nzima. Kigari hiki hakipendi kukanyagwa kama unaua mende. Kinataka ukanyage mpaka nusu, usubiri kama sekunde moja puli zijipange, kisha urudishe mguu kwa unene wa soli ya kiatu. Hapo kuna kitu kitamu kinatokea: mizunguko inashuka toka 3,000 hadi 2,000, kelele inakwisha, na spidi haishuki. Wakati mwingine inapanda. Mara ya kwanza nilidhani nimeona vibaya, nikarudia mara sita kwenye barabara hiyohiyo kama mtoto aliyepata filimbi.

Kupita gari la mbele ni habari nyingine. Kwenye gari la gia za mkono unashuka gia, unachomoka. Hapa ukikanyaga kwa kushtukia unapata sauti kwanza, mwendo baadaye. Sekunde hiyo moja ni ndefu ukiwa upande usio wako wa barabara. Kanyaga ukiwa bado nyuma, kwenye upande wako, na umbali salama; injini ikishapanda ndipo utoke. Kama nafasi inakutaka uwahi, nafasi hiyo haikuhusu. Kigari cha silinda tatu si gari la kuwahi.

Kwenye foleni, hata hivyo, sijawahi kuendesha kitu kilaini namna hii kwa bei yake. Hakuna kushtuka wala kutingisha shingo. Unaachia breki, kinatambaa. Unagusa mafuta, kinavutika kama kimeshikwa na ufito wa mpira. Goti langu la kushoto, ambalo lina umri wake na malalamiko yake, lilikaa wiki tatu bila kazi na halikulalamika hata siku moja.

Mpwa wangu hakuwahi kujifunzia gari la klachi, kwa hiyo hana sikio kama langu. Anatumia lita 5.2 kwa kila kilomita 100. Mimi, mwalimu, nilitumia 6.1 kwa njia zilezile.

SWALI: Mwalimu, gari langu la CVT kwenye karatasi limeandikwa lina gia saba. Wewe unasema CVT haina gia. Nimwamini nani? (Msomaji wa Karatasi)

JIBU: Wote wawili. Kompyuta inaweza kuamrishwa isimamishe puli kwenye vituo saba ili ukivuta liva upate hisia ya gia. Ni maigizo, lakini si maigizo ya bure: ukiteremka, vituo hivyo vinafaa. Wapo pia waliochanganya mambo kwa kweli. Jatco, watengenezaji wa giaboksi wa Japani, kwa mfano, mwaka 2009 walianza kutengeneza CVT ya magari madogo iliyobeba ndani yake seti ya meno yenye hatua mbili, ili puli ziwe ndogo na giaboksi nayo iwe ndogo. Toyota nao mwaka 2018 walitangaza CVT yenye gia halisi ya meno kwa ajili ya kuondokea, kisha mkanda unapokea. Hiyo ya pili inaondoa ule uvivu wa mita za kwanza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu anashikilia kwamba zamani kulikuwa na gari lililoweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Tukicheka ananuna. Anatutania? (Mtoto wa Dereva)

JIBU: Marahaba. Mwombeni baba radhi, tena leo.

Gari hilo ni DAF ya Uholanzi. Ndiyo, DAF haohao mnaowajua kwa malori. Februari 1958 walionesha Amsterdam kigari kiitwacho DAF 600, na mwaka uliofuata kikaanza kutoka kiwandani: injini ya 590 cc, silinda mbili, inapozwa kwa upepo, nguvu farasi 22. Giaboksi yake iliitwa Variomatic, kazi ya Hub van Doorne, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha kampuni. Ilikuwa na mikanda miwili ya mpira, mmoja kwa kila gurudumu la nyuma. Kifaa cha kugeuza mwelekeo kilikuwa kabla ya puli, si baada yake, kwa hiyo ukirudi nyuma puli zilinenepa na kukonda vilevile kama unapokwenda mbele. Spidi yote ya mbele ipo na nyuma. Waholanzi, watu makini kwa sura tu, wakaanzisha mashindano ya kuvikimbiza vigari hivyo kinyumenyume na kuyaonesha kwenye televisheni. Vilipinduka sana.

Mimi nimewahi kuendesha mdogo wake, DAF 44 yenye injini ya 844 cc, mali ya mzee mmoja anayeitunza kama yai. Kwenda mbele tu, aliniambia hivyo mara mbili. Liva ni moja, fupi, katikati ya viti. Gari likiwa limesimama injini ikipumua taratibu halitambai hata kidogo, kwa sababu klachi yake hufunga kwa mzunguko: lazima injini iongeze mwendo ndipo klachi ikamate. Nikagusa mafuta, ikakamata, injini ikapanda mpaka kwenye mlio wa boti la uvuvi, ikabaki hapo huku nyumba za pembeni zikizidi kukimbia. Kisha mzee akaniambia, "Sasa legeza." Nikalegeza. Injini ikashusha pumzi na gari likaendelea mbele kama halikuambiwa kitu. Puli zake zinasaidiwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe; ukilegeza mguu mvuto unaongezeka na uwiano unapanda. Hakuna kompyuta, hakuna waya. Yaani ile siri ya kurudisha mguu kwa unene wa soli, iliyonichukua wiki nzima kwenye kigari cha mpwa wangu, mzee yule alinifundisha kwa neno moja nikaisahau.

Mpira ukaja kuachwa. Mwaka 1987 Subaru Justy ilitoka na mkanda wa chuma, na mwaka huohuo Fiat Uno na Ford Fiesta nazo zikapata. Mkanda huo ni ajabu yake: mamia ya vipande vidogo vya chuma vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, vikishikwa pamoja na pete nyembamba. Mkanda tunaoujua unavuta. Huu unasukuma. Jaribu kumsukuma mtu kwa mkanda wa suruali uone kama hautajikunja. Lakini vipande vile vikibanana vinakuwa kama fimbo. Justy hiyo badala ya klachi ya kawaida ilitumia unga wa chuma: umeme ukipita, unga unashikana na gari linaondoka, umeme ukikatwa, unga unaachia. Nissan March ya 1992 ikatumia unga huohuo. Giaboksi za kisasa nyingi zina kibadilishi cha oili (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili) mahali hapo, na nadhani unga haukumpa mtu yeyote huzuni ulipoondoka.

SWALI: Gari langu dogo lina D na R lakini halina P. Halina klachi miguuni. Kila likibadilisha gia linainama mbele kama linasali, na mimi na abiria tunainama nalo. Kwenye mwinuko linarudi nyuma. Niliambiwa ni otomatiki. Nimeuziwa nini? (Kichwa Kinachotikiswa)

JIBU: Umeuziwa gari la gia za mkono lenye mkono wa roboti. Jina lake ni AMT. Giaboksi ni ileile ya meno, klachi ni ileile ya kawaida, ila kuna vifaa vinavyoibonyeza klachi na kusogeza gia kwa niaba yako. Smart ilitoka hivyo mwaka 1998. Mwaka 2014 Suzuki waliiweka kwenye Celerio huko India, na tangu hapo imesambaa kwenye magari ya bei ya chini kwa sababu haina gharama kubwa na haili mafuta.

Kuinama huko ni kwa sababu roboti anapokanyaga klachi, wewe bado umekanyaga mafuta. Ungekuwa unabadilisha mwenyewe ungeachia mguu. Basi muachie. Sikiliza (hapa sikio linafaa!): injini ikikaribia mahali ambapo wewe ungebadilisha gia, legeza mguu, subiri ibadilishe, kanyaga tena. Kwa siku mbili utaona upuuzi kumsaidia mashine, siku ya tatu abiria wataacha kuinama. Ukivuta liva mwenyewe upande wa M inakuwa laini zaidi, kwa kuwa wewe ndiye unayejua itabadilisha lini.

Mwinuko ndio wenye hatari. Usilishikilie gari kwa mafuta ili lisirudi nyuma. Hiyo ni kubalansi kwa klachi, na klachi inaungua bila wewe kuiona. Shika breki. Ukitaka kuondoka vuta handibreki, gusa mafuta, ukisikia limekamata achia. Kwa kuegesha, kama P haipo, zima injini liva ikiwa kwenye D au R na handibreki juu, kisha usome kitabu cha gari lako, maana si yote yanayobaki na gia yakizimwa.

SWALI: Mwalimu, CVT yangu imepungukiwa oili. Nyumbani kuna haidroliki nyekundu ya otomatiki, mpya, haijafunguliwa. Naweza kujazia? (Mwenye Haraka)

JIBU: Hapana.

Nieleze kidogo, maana jibu hilo nimelitoa kwa watu watatu na wawili hawakunisikia. Kwenye CVT chuma kinakamata chuma, na katikati yao kuna oili tu. Oili hiyo imetengenezwa ili ilainishe na wakati huohuo iruhusu mkanda ung'ang'anie puli. Haidroliki ya kawaida haikuahidi kazi hiyo. Mkanda ukiteleza unachora puli, na puli ikichorwa hakuna oili ya kuiponya. Rangi isikudanganye pia; nunua kwa jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na kabla ya kujazia, tafuta ilikopitia, kwa sababu oili ya giaboksi haipungui kwa kutumika. Giaboksi nyingi za leo hazina hata kijiti cha kupimia: kiwango kinapimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, kupitia tundu lake. Ukiendesha kwenye joto na foleni usingoje mpaka mwisho wa kilomita zilizoandikwa. Mpwa wangu hubadilisha kila kilomita 40,000, nami simkatazi. Na gari likiharibika njiani lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Libebwe.

SWALI: Nikiteremka mlima mrefu CVT yangu inakimbia kama haina injini, breki zinanuka. Niweke fri nipunguze mzigo? (Wa Mteremkoni)

JIBU: Fri kamwe, utabaki na breki peke yake, nazo tayari zinanuka. Kwenye D, CVT inapenda kutunza mafuta, kwa hiyo inaishusha injini mizunguko na haikushikilii. Kabla mteremko haujaanza, sogeza liva kwenye S, L au B, chochote ulichonacho. Injini italia. Safari hii kilio ni cha manufaa, ni injini inakushika. Kigari cha mpwa wangu kilipanda hadi 3,500 na kushikilia kilomita 50 bila mimi kugusa breki zaidi ya mara mbili. Ukifika chini simama kabisa kabla ya kuhama toka D kwenda R, na ukiegesha kwenye mteremko handibreki kwanza, P baadaye, ili uzito wa gari usikae kwenye kipini kidogo cha ndani.

SWALI: Baada ya yote hayo, Mwalimu, wewe ungenunua? (Nasubiri Jibu Fupi)

JIBU: Kwa foleni, ndiyo, la CVT, lenye kumbukumbu za kubadilishwa oili. La AMT ningenunua kama bei ndiyo inayoamua, na ningeendesha kwa upande wa M. Kwa milima na mizigo ningebaki na la gia za mkono nililo nalo.

Mpwa wangu alirudi Jumapili akachukua gari lake. Jumatatu asubuhi niliwasha langu, nikaweka gia namba moja, nikaachia breki nikisubiri litambae lenyewe, na mguu wa kushoto nao ukainuka toka kwenye klachi bila habari. Liliruka mara moja likazima, katikati ya geti, na mwanafunzi wangu wa zamani akiwa nyuma yangu ananipigia honi.